Sufuria Iliyozaa: Jinsi Hadithi za Utotoni Zilivyojengwa Zikakaa

Muulize mtu mzima aliyesoma Hekaya za Abunuwasi akiwa shule ya msingi akutajie sentensi moja ya kitabu kile kama ilivyoandikwa. Huenda asiweze. Kisha mwombe akusimulie kisa cha sufuria iliyozaa. Hapo atakwenda hatua kwa hatua, kwa maneno yake mwenyewe, na hatakosea mpangilio hata kama hajakishika kitabu hicho kwa miaka thelathini. Tofauti hiyo ndiyo inayohitaji maelezo. Maelezo yaliyozoeleka ni mawili: kwamba tunavipenda vitabu vya utotoni kwa sababu tunaupenda utoto wenyewe, na kwamba tulivisoma katika umri ambao akili hushika kila kitu. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayajibu swali lililo gumu zaidi: kati ya maandishi mengi tuliyosomeshwa katika umri uleule, mbona machache tu yamekaa? Hoja yangu ni kwamba yaliyokaa yamekaa kwa sababu ya ujenzi wake. Hadithi ya kitoto inayodumu ni ile iliyoacha hatua moja ya kufikiri bila kuijaza, ikamwachia mtoto kazi ya kuijaza. Anachokigundua mtoto kwa akili yake huwa chake, na kilicho chake hakihitaji kukaririwa ndipo kikumbukwe.

Tuanze na sufuria yenyewe. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Anapoirudisha, ndani yake ameweka sufuria ndogo, na anamwambia mwenyewe kwamba sufuria yake imezaa. Jirani anapokea zote mbili kwa furaha. Baadaye Abunuwasi anaazima tena, na safari hii harudishi kitu. Jirani anapokuja kudai anaambiwa kwamba sufuria imefariki. Anakasirika na kushangaa: sufuria itakufaje? Abunuwasi anamkumbusha kwamba alipoambiwa imezaa alikubali. Kisa kimekwisha. Tazama jinsi kilivyopangwa. Kina nusu mbili zenye umbo moja: kuazima, kurudi na habari ya ajabu, jirani kuamua kama ataiamini. Nusu ya kwanza inachukua idhini ya jirani, na nusu ya pili inaitumia idhini hiyo dhidi yake. Ukigeuza mpangilio, sufuria ikafa kwanza kisha ikazaa, kisa kinavunjika, kwa sababu jirani angekataa tangu mwanzo na pasingekuwa na neno lake la kumfunga. Kwa hiyo anayekumbuka kisa hiki hawezi kukosea mpangilio wake, maana mpangilio ndio hoja yenyewe.

Jambo la pili la kiufundi ni lile lisilosemwa. Kanuni inayoamua ugomvi ule ni nzito kiasi cha kufaa mahakamani: aliyelikubali neno lilipomletea faida hawezi kulikataa linapomletea hasara. Lakini katika usimulizi hakuna anayehitaji kuitamka kwa ukamilifu wake. Abunuwasi anataja kuzaa na kufa tu, na mtoto ndiye anayefunga mambo hayo mawili kwa kanuni ambayo pengine hana hata msamiati wa kuieleza. Jambo la tatu ni chombo kilichochaguliwa. Sufuria iko katika kila jiko, na hakuna mtoto asiyejua kwamba haizai. Tangu sentensi za mwanzo mtoto anajua zaidi ya yule mtu mzima aliye ndani ya hadithi, na anaona wazi kwamba kinachompumbaza jirani si ujinga, ni tamaa. Ni nadra mtoto kupewa nafasi ya kuwa hakimu wa mkubwa, na hadithi hii inampa nafasi hiyo bila kutangaza kwamba inampa.

Mtu anaweza kusema kwamba kinachokaa ni mhusika, si ujenzi: tunampenda Abunuwasi mwenyewe, mjanja aliyewaweza masultani. Historia haiungi mkono maelezo hayo. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Kiarabu wa karne ya 8, aliyeishi Baghdad zama za khalifa Harun al-Rashid na mwanawe al-Amin, akasifika kwa mashairi ya divai na mapenzi. Mshairi huyo hana uhusiano wowote na sufuria. Visa vilivyobandikwa jina lake katika pwani yetu vinasimuliwa Uturuki kwa jina la Nasreddin Hoja, na katika nchi nyingi za Kiarabu kwa jina la Juha. Mwenye jina hubadilika kila nchi, mji hubadilika, vyeo hubadilika. Kuazima, kuzaa, kukubali na kufa havibadiliki. Kama mhusika ndiye angekuwa siri ya kudumu, visa hivi vingekufa vilipobadilishiwa mhusika. Vimevuka lugha na karne kwa sababu kilichobebwa ni mpangilio wa hoja, na mpangilio wa hoja haupotei safarini kama yanavyopotea maneno.

Ukivitazama visa vingine vya mkusanyiko ule unaona fundi yuleyule kazini. Maskini anakula chakula chake kikavu huku akinusa harufu ya mapishi ya tajiri, na tajiri anamshtaki adai malipo ya harufu. Hukumu ni kwamba tajiri alipwe kwa mlio wa fedha. Maskini mwingine anaahidiwa zawadi akiweza kukaa usiku kucha katika maji ya baridi. Anaweza, lakini ananyimwa zawadi kwa madai kwamba aliuona moto uliowaka mbali, na kwa hiyo aliota moto. Abunuwasi anawaalika wakubwa karamuni, anawakawiza hadi njaa iwashike, kisha anawaonyesha chakula kimetundikwa juu kabisa na moto umewashwa chini mbali nacho. Wao wenyewe ndio wanaosema kwamba moto wa mbali haupiki. Hapa ufundi umepanda daraja. Katika kisa cha sufuria jirani anafungwa na neno lake alilokwisha kulisema; katika kisa cha moto, wakubwa wanatamkishwa hukumu dhidi yao wenyewe bila kujua kwamba wanahukumu. Hakuna aliyemwambia mtoto kwamba mwenye nguvu hutumia kipimo kimoja kwa mnyonge na kingine kwa nafsi yake. Ameona vipimo viwili vikiwekwa mbele yake, na ulinganisho ameufanya yeye.

Ushahidi mzito zaidi unatoka katika hadithi ya kima na papa, ambayo Edward Steere wa misheni ya UMCA aliikusanya Unguja na kuichapisha mwaka 1870 katika Swahili Tales, chini ya jina la kisa cha punda wa dobi. Vizazi vya wanafunzi vimekutana nayo kwa sura mbalimbali katika vitabu vya shule. Kima anakaa juu ya mkuyu kando ya bahari na kumtupia papa matunda. Papa anamwalika kwao, na wakiwa katikati ya maji anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini, basi warudi wakauchukue. Akishapanda mti hashuki tena. Papa anapomwita, kima anamuuliza kama anamfanya yeye punda wa dobi. Papa hajui punda huyo ni nani, na kima anamsimulia: simba mgonjwa, sungura aliyetumwa kuleta mawindo, punda aliyeshawishiwa akaja, akashambuliwa, akakimbia, kisha akashawishiwa akaja tena na kuuawa. Sungura anaula moyo na masikio, na simba anapouliza viko wapi anajibiwa kwamba punda yule hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingekuja mara ya pili.

Jibu hilo la sungura ni mojawapo ya sentensi zilizofikiriwa vizuri zaidi katika hadithi zote za kitoto. Kwa mwili ni uongo mtupu, kwani punda alikuwa na moyo na masikio na sungura ndiye aliyevila. Kwa maana ni kweli tupu, kwani aliyeona hatari akairudia ni sawa na asiye na moyo wa kuwazia wala masikio ya kusikilizia. Mtoto anatakiwa ashike uongo na ukweli wa maneno yaleyale kwa wakati mmoja, na hakuna anayemsaidia. Zaidi ya hapo, hadithi ya ndani imesimuliwa kama jibu la swali lililo nje. Kima hamwambii papa kwamba hatarudi kwa sababu amejifunza. Anamsimulia juu ya aliyerudi, na papa pamoja na msomaji wanatakiwa wafunge mwisho wa hadithi moja na mwanzo wa nyingine. Kazi alizoachiwa mtoto hapa ni mbili, moja ndani ya nyingine, na hii ndiyo sababu watu wengi wanaikumbuka hadithi hii kama kitu kilichowafumbua akili.

Nayo imesafiri mbali. Imo katika Panchatantra ya Kihindi, imo katika Kalila wa Dimna ambayo Ibn al-Muqaffa aliiandika kwa Kiarabu katika karne ya 8 kutoka Kipahlavi. Katika masimulizi ya Kihindi rafiki msaliti ni mnyama wa majini mfano wa mamba, katika Kiarabu ni kobe, katika Kiswahili cha Unguja ni papa. Mbweha wa huko akawa sungura wa kwetu. Wasimulizi walibadilisha karibu kila mnyama waliyeona hafai kwa wasikilizaji wao, lakini hawakugusa moyo ulioachwa mtini, kurudi mara ya pili, wala jibu la yule aliyekula moyo na masikio. Walijua ni wapi hadithi inaweza kubadilishwa na ni wapi ikibadilishwa itakufa. Sehemu zisizoguswa ni zilezile ambazo msikilizaji anafanyishwa kazi.

Wala ufundi huu haukuja pwani ukiwa mgeni. Waswahili walikuwa na desturi inayomlea mtoto kwa namna hiyohiyo kabla hajashika kitabu. Kitendawili hakisimuliwi, hutegwa; wasikilizaji huomba wategewe, hujaribu, na wakishindwa mtegaji hudai mji ndipo atoe jibu. Ngano huanza kwa msimulizi kuita na wasikilizaji kuitika. Katika desturi hizi mbili hakuna msikilizaji anayekaa kimya akimiminiwa maneno. Mtoto aliyelelewa hivyo akikutana na Abunuwasi kitabuni anaitambua kazi anayotakiwa kuifanya, kwa kuwa ameifanya jioni nyingi barazani au jikoni. Kitabu kiliyachukua mafunzo hayo kikayapa kurasa.

Sasa kuna pingamizi zito. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952 na kusomwa na wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki, inaonekana kupinga kila nilichosema. Humo mwadilifu anaitwa Adili, na ndugu zake wawili wenye husuda wanaitwa Hasidi na Mwivu. Mwandishi ameshatoa hukumu katika majina. Kazi gani basi imeachwa kwa msomaji? Jibu limo katika mpangilio. Shaaban Robert hakuanza na utoto wa ndugu watatu akaja mbele hadi adhabu. Alianza na siri: mjumbe wa mfalme Rai anafika kwa liwali Adili, mtu anayesifiwa kwa haki na huruma, na anagundua kwamba liwali huyo kila usiku huwachapa manyani wawili viboko. Majina yanamwambia mtoto nani ni mwema, kisha tukio linamwonyesha huyo mwema akifanya jambo lililo ovu machoni. Ni kwa sababu jina limetoa hukumu mapema kwamba mjeledi unakuwa fumbo. Mtu asiyejulikana akichapa mnyama, msomaji atamwita katili na kuendelea. Adili akichapa mnyama, msomaji hana budi kusimama na kujiuliza kuna nini. Majina hayakumnyang'anya mtoto kazi. Yaliitengeneza kazi yenyewe.

Mkono wa fundi unaonekana zaidi ukilinganisha kitabu hicho na kisa kinachofanana nacho sana katika Alfu Lela Ulela, cha Abdullah bin Fadhil wa Basra. Huko ndugu wawili waliogeuzwa ni mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani, na uamuzi huo naona ni wa kiufundi hasa. Kwa msomaji wa pwani ya Kiislamu mbwa ni najisi, hakai ndani, na kumtimua kwa fimbo si jambo la kustaajabisha. Huruma ingechelewa kuja. Nyani ana uso, ana viganja, anakaa kama mtu. Tena mtoto aliyepita chuoni amesikia habari ya waliovunja Sabato wakageuzwa manyani, iliyomo katika sura za Al-Baqara na Al-A'raf. Kwa hiyo akiwaona manyani wanaadhibiwa, shaka inamwingia kwamba hapa pana watu, kabla mwandishi hajafunua lolote. Anakaribia jibu kwa miguu yake. Badiliko la mnyama mmoja limemsogeza msomaji kutoka mahali pa kutazama hadi mahali pa kukisia.

Pingamizi la pili ni la uhaba na marudio. Itasemwa kwamba vitabu vilikuwa vichache, darasa zima lilisoma kimoja kwa sauti mwaka mzima, na chochote kikirudiwa hivyo kitakaa. Nakubali kwamba marudio hutunza. Nisichokubali ni kwamba marudio huchagua. Darasa lilelile lililorudia Abunuwasi lilirudia pia habari za usafi wa kijiji, faida za utii, na mifano ya watoto wema wasiofanya kosa hata moja. Marudio yalikuwa sawa kwa yote, matokeo hayakuwa sawa. Tena namna ya kukumbuka ni mbili. Kilichokaririwa hurudi kwa maneno yaleyale, na neno moja likikosekana mnyororo wote unakatika. Hadithi tunazozizungumzia hurudi kwa maneno mapya kila mara, na msimulizi akisahau kipande anaweza kukitengeneza upya kwa kuwa anajua kwa nini kilikuwepo. Huo ni uthibitisho kwamba alichohifadhi ni ufahamu.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wazazi na walimu wanaojali maadili, na linastahili heshima. Wanasema Abunuwasi anadanganya, kima anadanganya, sungura anadanganya na kuiba, na kwamba mtoto asipoandikiwa funzo waziwazi atajifunza ulaghai. Ni kweli kwamba si visa vyote vya Abunuwasi vina haki ndani yake. Viko ambavyo ujanja umetumika kwa ajili ya ujanja tu, na mwalimu hana sababu ya kuvitetea. Lakini tuvipime vile vilivyokaa zaidi. Anayeshindwa katika sufuria ni mwenye tamaa. Anayeshindwa katika harufu ni tajiri anayetoza kisicholika. Wanaoshindwa katika moto ni wenye mamlaka waliomdhulumu maskini. Papa anashindwa kwa kuusaliti urafiki. Funzo limo, na ni kali. Tofauti ni kwamba mtoto amelifikia kwa kuona dhuluma ikijipinga yenyewe. Funzo lililoandikwa mwishoni humwambia mtoto kwamba kufikiri kumekwisha na kilichobaki ni kutii. Siku atakapokutana na dhuluma ambayo haikutajwa kitabuni, aliyezoea kutii hatakuwa na cha kushika. Aliyezoea kupima atapima.

Na wako watakaosema kwamba mtoto mdogo hawezi kazi hiyo, kwamba tunamtarajia afikiri kama mwanasheria. Sufuria inawajibu. Hakuna hatua ndani yake inayohitaji elimu zaidi ya kujua kwamba chombo hakizai. Ugumu haukuwekwa katika maneno wala katika habari, umewekwa mahali pamoja tu, na njia ya kufika hapo imesawazishwa kwa ushahidi rahisi. Huo ndio ustadi wa kumwandikia mtoto: kila kitu kiwe chepesi isipokuwa ile hatua moja, na hatua hiyo iwe ndani ya uwezo wake kwa kunyoosha mkono kidogo. Kumrahisishia mtoto hatua hiyo nayo ni kumdharau, hata kama nia ni njema.

Haya yana uzito leo kwa sababu vitabu vya watoto vya Kiswahili vinaendelea kuandikwa, na kazi ya miradi kama Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, imeonyesha kwamba waandishi wapo na wasomaji wapo. Hadithi ya mtoto ikifungwa kwa aya ya funzo, ikifuatiwa na maswali ambayo majibu yake yote yamo katika aya hiyo, mtoto hupata alama zake zote bila kufikiri hata mara moja, na muhula ukiisha hadithi huisha nayo. Mwandishi, kabla ya kupeleka mswada wako kwa mchapishaji, funika aya ya mwisho kwa mkono na umsomee mtoto yaliyosalia. Akiweza kukuambia mwenyewe ulichotaka kusema, ifute aya hiyo, haihitajiki. Asipoweza, aya hiyo haitakuokoa. Rudi katikati ya hadithi ukajenge upya. Mhariri, usiirudishe aya aliyoifuta mwandishi. Na mwalimu, kisa kikiisha, nyamaza kidogo kabla hujaeleza. Jibu la kwanza liwe la mtoto.